Baa za kokteli za Kijapani: bili, barafu na ule ukimya vimetoka wapi

Tuanze na bili maana ndo inayowachanganya wengi. Mtu anaingia baa ndogo pale Ginza, Tokyo, anakunywa kokteli mbili za yeni 1,800 kila moja, kichwani ana hesabu ya 3,600, anajisemea sawa ni ghali ila leo ni leo. Bili inakuja 6,171. Hakuna aliyemwibia. Kuna yeni 1,500 ya kukaa, wenyewe wanaiita chaji, juu yake asilimia 10 ya huduma, juu yake tena asilimia 10 ya kodi ambayo Japani wanatoza tangu Oktoba 2019, na vile vikaranga au kipande cha jibini kilicholetwa bila kuagizwa kimo ndani ya ile chaji. Si kila baa inakata vyote hivyo, kuna za chaji ya 500, kuna ambazo hazina kabisa pesa ya huduma, lakini ukienda baa ya kokteli ya Kijapani ya aina ya zamani weka akilini kwamba bei ya kinywaji ni sehemu tu ya unacholipa.

Sasa kwa nini wanafanya hivyo. Baa yenyewe ina viti vinane, labda kumi na viwili, vimepangwa kwenye kaunta moja ndefu, nyuma ya kaunta yuko bartenda mmoja au wawili. Wateja wanakuja wameshakula chakula cha jioni, mtu anakaa saa moja au saa na nusu, anakunywa glasi mbili tatu, anaondoka. Kwa usiku mzima ni watu wangapi hao? Na kodi ya pango Ginza ni kati ya kubwa kabisa Japani nzima. Ukiuza kinywaji peke yake hufiki mwisho wa mwezi, kwa hiyo bidhaa ya kwanza inayouzwa pale ni kiti, na pamoja na kiti ni mikono na macho ya yule mtu aliyesimama mbele yako. Ukishalishika hilo, karibu kila sheria inayowatisha wageni inajieleza yenyewe, kwa nini hawapendi kundi la watu sita, kwa nini unasubiri kuonyeshwa pa kukaa, kwa nini kukaa dakika arobaini na glasi tupu ni kumkosea mwenye nyumba, kwa nini hakuna anayepiga kelele.

Kabla hatujaendelea tutenganishe kwanza vitu, maana Japani ina sehemu za kunywea za kila aina. Izakaya ni pa kula na kunywa kwa makundi, bia, mishikaki ya kuku, kelele ruksa. Sunakku ni kibaa kidogo kinachoendeshwa na mama mwenye baa, wateja wake ni walewale miaka nenda rudi, kuna karaoke na wiski ya kuchanganya na maji, na pale unalipia maongezi yake. Alafu kuna klabu ambazo msichana anakaa na wewe na muda unahesabiwa, na huko Kabukicho, Shinjuku, kuna wapiga debe wanakufuata barabarani wanakuahidi bei rahisi, ukiwafuata bili unaweza kutoka nayo ya laki kadhaa za yeni, polisi wenyewe wanawaonya watu kila siku. Baa tunayoiongelea hapa haina mpiga debe hata siku moja. Iko ghorofa ya nne ya jengo jembamba au chini ya ardhi, kibao chake kidogo, mlango hauna dirisha la kuchungulia, na ndani taa hafifu, chupa ukutani, mtu kavaa koti jeupe au vesti na tai. Wajapani wanaiita baa ya "osentikku", neno walilolichukua kwenye Kiingereza "authentic", yaani baa halisi.

Hii kitu ilitoka nje, hilo hata wao hawalifichi. Bandari ya Yokohama ilifunguliwa kwa wageni mwaka 1859, wageni wakaja na hoteli zao na hoteli zikaja na baa. Pale Grand Hotel ya Yokohama mwishoni mwa karne ya 19 meneja alikuwa Mjerumani aliyetokea San Francisco, Louis Eppinger, na yeye ndo anatajwa na kokteli iitwayo Bamboo, sheri kavu na vemuthi kavu (mvinyo mbili zilizoongezwa nguvu, kavu maana yake si tamu) na matone ya bitazi, ile pombe chungu ya viungo, kinywaji chepesi ambacho mpaka leo ukikiagiza Yokohama bartenda anafurahi. Tokyo nako kulikuwa na Kamiya Bar, Asakusa, iliyoanzishwa 1880 na bado ipo, wanauza pombe yao ya Denki Bran, mchanganyiko wenye brandi ndani, ingawa ile ni ukumbi wa watu wa kawaida wenye kelele zake na si baa ya kaunta. Tetemeko kubwa la Septemba 1923 liliibomoa Grand Hotel, na mwaka 1927 ikafunguliwa Hotel New Grand hapohapo Yokohama. Mwaka uliofuata, 1928, Ginza ikapata Bar Lupin, chini ya ardhi kwenye kichochoro, ambako baada ya vita waandishi kama Dazai Osamu na Sakaguchi Ango walikuwa wanakaa, na ile picha maarufu ya Dazai amekunja miguu juu ya stuli ilipigwa mle.

Hapa kuna jambo la kuangalia kwa makini. Marekani, nyumbani kwa kokteli, ilipiga marufuku pombe kuanzia 1920 mpaka 1933. Miaka kumi na tatu fundi hafundishi, kijana hajifunzi, mabartenda wazuri wakakimbilia London, Paris na Havana. Baadaye tena, miaka ya 70 na 80, baa nyingi za kule zikahamia kwenye juisi za chupa na michanganyiko ya kopo. Japani haikupitia hiyo njia. Ilipitia vita, ilipitia miaka ya jeshi la Marekani kukalia nchi mpaka 1952, hoteli zikachukuliwa na maofisa, na Jenerali MacArthur mwenyewe, mkuu wa jeshi hilo, alifikia Hotel New Grand alipowasili 1945, lakini kijana aliendelea kusimama pembeni ya mkubwa wake akijifunza. Miaka ya 50 kampuni ambayo leo ni Suntory ikaeneza baa za Torys nchi nzima, wiski ya bei nafuu na soda kwa wafanyakazi wa ofisini, na watu wa kawaida wakazoea kukaa kaunta. Kwa hiyo wakati sehemu nyingine wanasahau, kule Ginza mtu alikuwa bado anakamua ndimu mbichi na kukoroga kwa kijiko kirefu. Ndo maana miaka ya 2000 mabartenda wa New York na London walipoanza kutafuta tena ufundi wa zamani, vijiko na zile glasi nene za kukorogea zenye michoro ya kukatwakatwa walikuwa wanaagiza Japani.

Kuna watu wanasema Wajapani wameiga tu. Mimi sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu kutunza kitu miaka mia wakati wenyewe wamekitupa ni kazi, na juu ya hapo wameongeza vya kwao. Chukua kokteli iitwayo Yukiguni. Bartenda wa mji wa Sakata, mkoa wa Yamagata, kaskazini kwenye theluji, jina lake Keiichi Iyama, aliitengeneza mwishoni mwa miaka ya 50 na ikashinda shindano la kitaifa, vodka, kiraso nyeupe (pombe tamu ya maganda ya machungwa), sharubati ya ndimu, ukingo wa glasi umepakwa sukari kama theluji na chini kuna cheri ya kijani. Aliendelea kuitengeneza kwa mikono yake mwenyewe mpaka uzeeni, akafariki 2021 akiwa na miaka 95. Baa nyingi nzuri za Japani zinaijua.

Barafu sasa, na hapa nitakaa kidogo maana ndo penye ufundi na ndo penye maneno mengi ya uongo. Barafu ya baa hizi inanunuliwa kwa wauza barafu. Kiwandani maji yanagandishwa polepole siku mbili au tatu huku yakipulizwa hewa yasitulie, yanaganda kuanzia nje kwenda ndani, uchafu na hewa vinasukumwa katikati, yale maji ya katikati yanatolewa, na kinachopatikana ni gogo la kilo 135 hivi linaloangaza kama kioo. Linakatwa kwa msumeno, linafika baa vipande vikubwa, na bartenda au mwanafunzi wake anavichonga kwa kisu na sindano ya barafu, vingine vinakuwa mchemraba, vingine mpira mviringo wa kuingia sawasawa kwenye glasi ya wiski.

Watu wanasema barafu ile ni ya baridi zaidi. Sio kweli, ukweli ni kwamba barafu inapoza kinywaji hasa kwa kuyeyuka, ule uyeyukaji wenyewe ndo unaonyonya joto, kwa hiyo huwezi kupata baridi bila maji kuingia. Kinachotofautiana ni kasi, na ni nani anaitawala. Kipande kikubwa kisicho na nyufa wala mapovu kina eneo dogo la nje kulingana na uzito wake, kinayeyuka taratibu na kwa kutabirika, wakati vile vibarafu vidogo vyenye unga na nyufa vinamwaga maji ovyo dakika ya kwanza tu. Ndo maana utamwona bartenda anamwagia barafu maji kidogo, anakoroga, anayamwaga yote, kabla hajaweka pombe. Anaondoa chenga na unyevu wa juu ili maji yatakayoingia kwenye martini yako (jini na vemuthi) yawe yale anayoyataka yeye. Watu wanaona ni mbwembwe, kumbe kuna hesabu.

Kwenye kutikisa ndo mjadala unakuwa mkali. Kazuo Uyeda wa Tender Bar, Ginza, alijulikana duniani kwa mtindo wake wa kutikisa sheka, lile kopo la kuchanganyia kokteli, barafu inazunguka ndani kwa njia maalum badala ya kugonga juu na chini, na hoja yake ni kwamba vinatoka vipovu vidogo sana vinavyolainisha ukali wa pombe mdomoni. Wenzake wa Magharibi walipochukua vipimo vya joto na maji wakaona kwamba ukitikisa kwa nguvu sekunde kumi na kitu, mitindo mingi inaishia karibu sehemu ileile. Watu wakadandia hapo wakasema basi ni maigizo. Lakini angalia vizuri, Uyeda alikuwa anaongelea jinsi kinywaji kinavyokaa mdomoni, wale wamepima baridi na maji, ni vitu viwili tofauti. Mimi naona faida kubwa ya mtindo ule ni nyingine kabisa, kwamba mtu aliyerudia mwendo mmoja miaka ishirini anakupa kinywaji kilekile jumatatu na ijumaa, mvua na jua, na kwenye kazi ya mikono hilo ni jambo kubwa sana. Kijana anayeanza kazi kwenye baa kama hii anaweza kukaa muda mrefu anafuta glasi, anachonga barafu na kuosha matunda kabla hajaruhusiwa kumtengenezea mteja kokteli, na mabwana wa Ginza kama Hisashi Kishi wa Star Bar, aliyeshinda ubingwa wa dunia wa kokteli mwaka 1996, au Hidetsugu Ueno wa Bar High Five, wametoka kwenye mfumo wa aina hiyo.

Haya, umefika mlangoni. Mkiwa wawili ni sawa kabisa, peke yako ni sawa zaidi, watatu mnaweza kubahatika, watano tafuteni izakaya. Ukifungua mlango simama hapohapo, onyesha kwa vidole mko wangapi, subiri uonyeshwe kiti. Kuna wakati utaona mtu anavuka mikono kifuani kama alama ya kukosea, maana yake hapana. Mara nyingi ni kwamba pamejaa au ni baa ya wanachama, kuna wakati ni kwamba anaogopa lugha, na kuna wakati ni ubaguzi, hilo lipo na nisikufiche, ila kwenye baa zinazojulikana za Ginza na kwenye hoteli wageni wamezoeleka. Kama unataka uhakika mwombe mtu wa mapokezi hotelini kwako akupigie simu kubuki, inasaidia sana.

Ukikaa utapewa taulo dogo lililolowanishwa, mara nyingi la moto, futa mikono. Usiweke begi wala simu juu ya kaunta hovyo, mara nyingi ile kaunta ni ubao mmoja wa mti mkubwa na wanauthamini kuliko chupa zilizoko nyuma. Manukato makali usijipulizie siku hiyo, yanaharibu harufu ya kinywaji cha jirani yako. Glasi ni nyembamba mno, mkisema afya nyanyueni tu msigonganishe. Picha omba kwanza, na usimpige mtu mwingine aliyekaa pale. Ukimya wenyewe si kwamba kuongea ni dhambi, watu wanaongea, ila kwa sauti ya watu wawili, na bartenda anasikiliza kaunta nzima kwa sikio moja, anaangalia nani glasi imeisha, nani amelewa, nani anataka kuachwa peke yake. Ukipaza sauti unamziba hilo sikio.

Menyu inaweza isiwepo kabisa na hapo ndo wageni wengi wanaganda. Mambo ni matatu tu: unataka pombe gani iwe msingi, jini, wiski, ramu, vodka, unataka tamu au chachu au kavu, na unataka kali au nyepesi. Ukisema hivyo hata kwa Kiingereza kibovu na ishara anakuelewa na anaanza kazi. Au sema unataka kokteli ya matunda ya msimu, na hapa wako vizuri kweli, stroberi mwishoni mwa baridi, pichi na tikiti kiangazi, zabibu kubwa nyeusi na peazi vuli inapoanza, wanayaponda mbele yako. Wenyeji wengi wanaanza na haiboli (wiski na soda) au jini na toniki kisha wanapanda. Vinywaji vya glasi ndogo yenye mguu, martini, gimleti (jini na ndimu), vinywe vikiwa bado baridi, ndani ya dakika kumi au kumi na tano, bartenda amehangaika kuvifikisha kwenye ile baridi na kila dakika ladha inashuka. Glasi ya maji itawekwa pembeni, inywe, na ukitaka nyingine inaletwa bure.

Na wasiokunywa pombe? Najua wasomaji wengi wa Kiswahili wako humo, kwa dini au kwa hiari. Japani watu wengi wenyewe miili yao haivumilii pombe, wanawiva uso kwa nusu glasi kwa sababu ya urithi wa damu, kwa hiyo bartenda anayejua kazi hashangai kabisa ukimwambia sitaki pombe. Sema mapema, kabla hajashika chupa, na kama ni suala la dini mweleze kwamba hata tone la bitazi hutaki, maana bitazi zina pombe na kwenye vinywaji vya kawaida wanadondoshea bila kufikiria. Atakutengenezea kitu cha matunda kwa sheka ileile na barafu ileile. Utalipa karibu sawa na wengine, na kwa maoni yangu ni haki, kiti ni kilekile na mikono ni ileile.

Mambo ya sheria niyapitie haraka. Umri wa kunywa ni miaka 20, ingawa tangu 2022 mtu ni mtu mzima akiwa na 18. Kuendesha gari umekunywa wanakamata kwa kiwango kidogo sana, na hata aliyekupa pombe huku akijua unaendesha anaweza kushtakiwa, na tangu Novemba 2024 baiskeli nayo imeingizwa kwenye adhabu kali. Treni za mwisho zinaondoka karibu na saa sita usiku, teksi baada ya hapo ni pesa nyingi. Sigara ndani zilizuiwa na sheria ya Aprili 2020 lakini baa ndogo kadhaa zina ruhusa, kwa hiyo kama moshi unakusumbua uliza kabla ya kukaa.

Kulipa, sema "okaikei onegaishimasu", yaani naomba bili, kwa sauti ya chini, atakuletea karatasi yenye namba. Beba taslimu maana baadhi hawachukui kadi. Bakshishi usiache, atakukimbiza barabarani kukurudishia. Kwenye baa nyingi bartenda au kijana wake atakusindikiza mpaka kwenye lifti na kuinama, itikia tu kwa kuinamisha kichwa.

Kama unaogopa kuanzia Ginza kwenye milango isiyo na madirisha, anzia baa za hoteli, pale menyu ipo, Kiingereza kipo na bei imeandikwa. Old Imperial Bar ndani ya Imperial Hotel, Tokyo, bado ina vipande vya ukuta kutoka lile jengo la hoteli lililochorwa na msanifu majengo Mmarekani Frank Lloyd Wright, lililofunguliwa 1923. Na kwa watu wetu wanaofika Yokohama, wafanyabiashara wa magari, wanafunzi, au wale waliokwenda mikutano ya TICAD, ile ya Japani na Afrika kuhusu maendeleo, 2019 na 2025, Hotel New Grand iko dakika chache tu kwa treni kutoka kumbi za mikutano za Minato Mirai, mbele ya bustani ya Yamashita na bahari. Baa yake inaitwa Sea Guardian II. Nenda saa kumi na moja jioni kabla watu hawajajaa, kaa kaunta na si mezani, agiza Bamboo, alafu tazama mikono.